Sauti ya kuazima

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nimechaguliwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha mwani. Nasoma sana vitabu vya uongozi, lakini nikiwaeleza wenzangu niliyoyasoma, hutazamana kimya. Nakosea wapi?
Msomaji, Micheweni, Pemba

JIBU: Marahaba mwanangu. Kusoma usiache! Ila wenzako wanakisikia kitabu, wewe hawakusikii.

Mimi kilichonifunza ni riwaya, si kitabu cha uongozi: Kuli ya Adam Shafi, ya 1979, inayosimulia maisha ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Rashidi, mhusika wake mkuu, ni kuli mwenyewe. Mzigo anaouzungumzia umepita begani mwake. Nakala yangu imeingia madoa ya chai pale nilipokwama, maana wakati ule nilikuwa nashika upatu wa mtaa na nazungumza kama mtangazaji wa redio. Kesho yake niliwaambia wenzangu hesabu zimenishinda. Tukazipiga pamoja mkekani.

Bamvua lijalo, maji yakitoka sana, shuka nao pwani. Muulize yule ambaye kamba zake zimekatwa na mawimbi anataka nini, uandike daftarini kwa maneno yake hasa, kipemba chake hichohicho. Mkutano ujao anza kwa kuyasoma hayo.