Kigali na Kampala kwa basi kutoka Kigoma

Dada, umeuliza kama wiki mbili zinatosha kuzunguka Bujumbura, Kigali na Kampala bila ndege: zinatosha kabisa, ila Bujumbura iondoe kwenye mzunguko huu. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, usije ukakwama katikati. Pitia Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, uvukie mpakani Rusumo kuingia Rwanda. Kigali kaa siku nne hata tano; miguu italalamika kwa vile vilima, lakini ndiyo raha yenyewe. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, angalia hilo ukikata tiketi pale Nyabugogo, stendi ya mabasi ya Kigali. Mifuko ya plastiki acha nyumbani. Kwenda Kampala unapitia Gatuna, mpaka wa Rwanda na Uganda, unarudi kwa Masaka, Mutukula (mpakani na Tanzania), Bukoba. Tiketi ya kurudi usiikate sasa, utajikuta unakimbizana nayo.