Uliza Mafundi: Gia Namba Mbili Inatoka Mlimani

Mafundi, habari za kazi? Nina pikipiki ya Kichina yenye injini ya CG125, gia tano. Ilipiga bodaboda miaka mingi kabla sijainunua. Nikipanda mlima na abiria, namba mbili inatoka yenyewe, injini inalia tu. Gia nyingine hazina shida. Fundi wa hapa anasema ninunue giaboksi nzima. Hakuna njia nyingine?
*Msomaji, Lushoto*

Ipo, ndugu, lakini injini itafunguliwa. Dalili uliyoeleza inajieleza: gia ni moja tu, na inatoka ukiwa kwenye mzigo. Ingekuwa gia zote zinatoka ovyo, tungekwambia uanze na mkono mdogo wenye rola unaoituliza ngoma ya gia (gogo la chuma lenye mifereji linalopanga gia ipi iingie), kwa sababu springi yake ikilegea au kukatika hakuna gia inayotulia. Huo unafikiwa kwa kufungua kava la kulia na kutoa klachi, bila kugusa silinda.

Hata hivyo, usifungue chochote kabla ya kuangalia pedali ya gia. Pedali iliyopinda baada ya kuanguka hugonga kava au kikanyagio kabla haijamaliza mwendo wake, na gia inaingia nusu. Iliyolika meno kwenye shafti nayo inateleza na kupoteza mwendo. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, zima injini, zungusha tairi la nyuma kwa mkono huku ukibadilisha gia moja moja. Usilazimishe gia wakati tairi limesimama, hata giaboksi isiyo na kosa itagoma hivyo. Ikiwa pedali inakwenda hadi mwisho, inarudi vizuri, na namba mbili bado inatoka mlimani, tatizo liko ndani.

Ndani kuna hivi. Meno ya mzunguko ya gia hizi yameshikana wakati wote; ukibadilisha gia hayaachani. Kinachosogea ni gia moja inayoteleza kwenye shafti, ikisukumwa na foki (chuma chenye ncha mbili kama uma, kinachosogezwa na ngoma), na ubavuni ina vidole vinavyoingia kwenye matundu au vidole vya gia jirani. Vidole vipya vina kona kali, na nyuso zake zimelazwa kidogo ili mzigo ukiongezeka vivutane. Vikishalika vikawa mviringo, mzigo huohuo unavisukuma viachane. Ndiyo maana kwenye tambarare unaona pikipiki haina shida na mlimani inakukataa. Namba mbili huumia kabla ya nyingine kwa sababu kuiendea kutoka namba moja lazima uvuke frii, mwendo ni mrefu, na dereva mwenye haraka huikanyaga gia kabla klachi haijaachia sawasawa.

Kila gia inapojaribu kutoka inaisukuma foki ubavuni. Foki inalika ncha, inapata rangi ya bluu kwa joto, mwisho inapinda. Foki iliyopinda haiisogezi gia hadi mwisho, vidole vinashikana kwa ncha tu, vinalika zaidi. Ukiendelea kupanda mlima hivyo huku umeshikilia pedali kwa mguu, kama wengi wanavyofanya, unaimaliza foki hiyo kwa kasi. Tunakuomba uache leo.

Sasa kazi yenyewe. Mwaga oili ikiwa ya moto na uipitishe kwenye kitambaa cheupe. Injini inashuka kwenye chasisi. Hedi, silinda na fimbo za valvu zinatoka, na kila fimbo ikumbukwe ilikaa wapi. Magineti ya kushoto itolewe kwa pula yake (kifaa cha kuivutia nje). Nyundo kwenye magineti huiua kranki. Upande wa kulia toa klachi, chujio la kuzunguka lililo kwenye ncha ya kranki na gia yake, kisha shafti ya pedali. Bolti za kutenganisha nusu mbili za injini zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichokichora umbo la injini, kila moja mahali pake, maana urefu unatofautiana. Nusu mbili zikigoma, gonga kwa nyundo ya mbao au ya plastiki. Bisibisi ikipenya katikati ya nyuso hizo, injini itavuja oili hadi utakapobadilisha kesi (ganda la injini).

Kabla ya kugusa gia, piga picha kwa simu. Kila shafti ikitoka, vitu vyake vyote vipitishe kwenye waya kwa mpangilio uleule, washa nyembamba zote zikiwemo. Washa moja ikikaa upande usio wake, giaboksi inafungika vizuri kabisa na haifanyi kazi.

Kagua hivi. Shika gia ya namba mbili na jirani yake inayoteleza, tazama kona za vidole kwenye mwanga. Kona inayong'aa na kuviringika imekwisha. Pima ncha za foki kwa kalipa: kwenye injini hizi foki mpya ina unene unaokaribia milimita 5, na iliyopungua nusu milimita hairudi kazini. Linganisha ncha mbili za foki moja. Ikiwa moja imelika kuliko mwenzake, foki imepinda. Pitisha ukucha kwenye mifereji ya ngoma, na ukikuta ngazi ngoma ibadilishwe. Beringi zioshe kwa petroli, zikauke zenyewe, kisha zizungushe polepole: ikikwaruza, haifai.

Hapo ndipo tunapotofautiana na fundi wako. Si lazima ununue giaboksi nzima. Nunua gia zile mbili zinazoshikana pamoja na foki yake. Usibadilishe moja ukaacha nyingine, kwani kidole kilicholika kitakula kipya ndani ya muda mfupi. Na asikushawishi mtu kuchomelea vidole na kuvipiga jiwe: joto la kuchomelea linaondoa ugumu wa chuma, na kipande kikikatika kinapita kati ya meno ya gia na kupasua kesi.

Kununua spea ndiko kunakowashinda wengi. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976, na viwanda vingi vya China vimeinakili injini hiyo kwa ukubwa wa 125, 150 hadi 200. Kava na gasketi mara nyingi zinaingiliana. Gia hazifuati hivyo. Nenda dukani na gia ya zamani mkononi, hesabu meno ya nje, hesabu meno ya ndani yanayokaa kwenye shafti, hesabu vidole, pima upana. Muuza duka akikwambia "ni ya CG, itaingia," hesabu tena.

Wakati wa kufunga, saklipu zote (pete za chuma zinazozuia gia zisihame kwenye shafti) ziwe mpya, upande wenye kona kali uelekee mbali na gia inayoisukuma. Paka oili kila kitu. Weka shafti mbili, ngoma na foki kwenye nusu moja ya injini, kisha zungusha shafti kwa mkono na upitishe gia zote tano kwa kugeuza ngoma. Rudia hivyo baada ya kuunganisha nusu ya pili, kabla silinda haijarudi. Ukigundua kosa hapo, umeokoa siku nzima. Gasketi ziwe mpya, na gundi ya silikoni usiimwage. Inayominyika kwenda ndani hukatika na kuziba njia ya oili. Bolti za milimita 6 zinatosha kwa nguvu ya karibu Nm 10 (nyutoni-mita), zikikazwa kwa kupishana. Oili inayoingia ni karibu lita 1. Imwage baada ya kilomita 300 na uweke mpya.

Salamu mafundi. Pikipiki yangu ikiwa imesimama kwenye foleni haikubali kuingia frii. Asubuhi nikiingiza namba moja inagonga "kaa!" na kuruka mbele. Je, giaboksi imekufa?
*Dereva wa bodaboda, Morogoro*

Giaboksi yako huenda haina kosa lolote. Klachi yako haiachii. Hata umevuta mkono, injini bado inaizungusha shafti ya giaboksi, vidole vinabanana, na ndiyo maana frii haipatikani.

Anza na kilicho rahisi. Ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 hadi 20 kabla haujawa mgumu. Ikicheza zaidi, rekebisha kebo. Ikiwa nyuzi zimeanza kukatika ndani ya gamba, weka mpya. Kisha oili: iliyozeeka na kuwa nzito hugandisha sahani za klachi usiku kucha. Kabla ya kuwasha asubuhi, ingiza gia, vuta klachi, sukuma pikipiki mbele na nyuma mara chache hadi uhisi imeachia. Ule mgongano wa kwanza utapungua.

Isipopona, fungua kava la kulia. Sahani za chuma zilaze juu ya kioo: geji ya milimita 0.2 ikipenya chini yake, sahani imepinda. Kikombe cha nje cha klachi kina nafasi ambamo masikio ya sahani za msuguano yanakaa. Masikio hayo huchimba vijishimo kwenye aluminiamu, na klachi ikifunguliwa sahani zinanasa humo badala ya kuachana. Hili ndilo tunaloliona zaidi kwenye pikipiki za abiria, na ndilo mafundi wengi wanalolipita wakibadilisha sahani peke yake. Vijishimo vifupi vya chini ya nusu milimita lainisha kwa tupa bapa, ukiondoa kiasi kilekile kila upande. Vilivyozidi hapo, kikombe kibadilishwe.

Kwa leo na kesho, tafuta frii pikipiki ikiwa bado inatambaa, kabla hujasimama kabisa.

Nilipomwaga oili nimekuta ungaunga wa kijivu kwenye nati ya chini, na vipande vinavyong'aa. Nihofu?
*Msomaji, Kisumu*

Unga laini kama grisi ya kijivu ni wa kawaida, ufute tu. Vipande ndivyo vya kusomwa. Viweke kwenye karatasi nyeupe na uvipitishie sumaku. Vinavyovutwa na vina umbo la sindano au maganda vimetoka kwenye meno ya gia au beringi; usiendeshe, fungua injini. Visivyovutwa na vyeupe ni aluminiamu, mara nyingi ya kikombe cha klachi. Vya rangi ya shaba vimetoka kwenye bushi. Vipande vyeusi au vya kahawia vinavyosagika kwa vidole ni sahani za klachi. Safisha pia chujio la wavu, maana likiziba pampu inakosa oili na hedi ndiyo inayolia ya kwanza.

Injini inanguruma lakini pikipiki haiongezi mwendo, hasa namba nne na tano. Nilibadilisha oili wiki iliyopita, nikaweka ya gari dogo kwa sababu ni bei nafuu.
*Msomaji, Masasi*

Umejijibu mwenyewe kwa sehemu kubwa. Injini yako inatumia oili moja kwa kranki, gia na klachi. Oili za magari madogo, hasa nyepesi kama 5W-30, zina viambato vya kupunguza msuguano, na klachi yako inaishi kwa msuguano huohuo. Mwaga, weka 20W-50 au 20W-40 yenye maandishi JASO MA au MA2 kwenye chupa (alama ya kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki). JASO MB ni ya skuta zenye klachi kavu, usiichukue. Endesha kilomita 100, mwaga tena na ujaze upya ili mabaki yaishe.

Klachi ikiendelea kuteleza, hakikisha kwanza kebo haijakazwa kupita kiasi. Kisha pima sahani za msuguano: mpya ni karibu milimita 3, na zikishuka hadi 2.6 zimekwisha. Mpya zilowekwe kwenye oili saa chache kabla ya kufungwa. Springi nne zibadilishwe zote pamoja, na bolti zake zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana. Minara inayozishika ni ya aluminiamu na huvunjika kwa mkono mzito.

Shikamooni mafundi. Pedali ya gia ikikanyagwa hairudi, lazima niinyanyue kwa mguu.
*Kijana wa gereji, Singida*

Marahaba. Kwanza tazama kama pikipiki iliangukia kushoto. Shafti ya pedali ikipinda hata kidogo inabana kwenye tundu lake. Ikiwa imenyooka, toa kava la kulia na klachi. Nyuma yake utaona springi ya kurudisha, miguu yake miwili imekumbatia pini iliyofungwa kwenye kesi. Springi ikikatika, weka mpya. Pini ikilegea, ifungue, safisha nyuzi zake kwa petroli, tia gundi ya kukazia nyuzi, ikaze. Pini hiyo ikilegea nusu mzunguko tu, gia zinaanza kurukwa, na wengi huilaumu giaboksi bure.

Oili inavuja nyuma ya sproketi ndogo. Nimebadilisha sili mara mbili.
*Msomaji, Bujumbura*

Acha sili kwanza, tazama cheni. Cheni iliyokazwa kama waya inaivuta shafti ya kutokea kila tairi linaporuka shimo, beringi inalegea, shafti inayumba, na sili yoyote utakayoweka itakatwa. Legeza cheni ipande na kushuka milimita 20 hadi 30 katikati. Toa sproketi, shika shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na hiyo ni kazi ya kutenganisha injini.

Isipocheza, pitisha ukucha juu ya shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Ukihisi mfereji, sili mpya iingizwe milimita moja zaidi au pungufu, kama kiti chake kinaruhusu, ili mdomo ukae kwenye chuma kisicholika. Angalia pia bomba la kupumulia injini: likizibwa na tope, hewa ya ndani inasukuma oili kupitia sili zote. Lipulize kwa mdomo. Hewa ikigoma kupita, umeshakipata chanzo, na sili uliyonayo huenda ikafaa bado.