Pesa ya kwanza iwafikie wasioonekana kwenye runinga

Msimu wa futiboli ya vyuo hapa Marekani (ile ya helmeti, si soka) ukiisha vibaya, wafadhili wa timu huwa na dawa moja: kocha aondoke, aje mwingine, na lijengwe jengo jipya la kuvutia vijana. Novemba 2023 Texas A&M walimfuta kazi kocha wao, Jimbo Fisher, na mkataba ukawabana wamlipe zaidi ya dola milioni 75 bila kuwafundishia tena. Clemson walifungua jengo lao la futiboli mwaka 2017 kwa takriban dola milioni 55, na ndani yake kuna mtelezo wa kuteleza kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini. Sina ugomvi na majengo, na Clemson ni timu iliyotwaa ubingwa. Ninachosema ni kwamba kabla ya jengo na kabla ya kocha mwenye jina, kuna watu wasioonyeshwa kwenye runinga ambao bila wao pesa hizo zote zinamwagika mchangani.

Mimi ni mmoja wao. Kazi yangu ni tiba ya michezo, na nimeifanya kwenye timu za vyuo kwa miaka mingi sasa, nikianzia kwenye kubeba chupa za maji na kufunga vifundo vya miguu bendeji nilipokuwa mwanafunzi. Waswahili wenzangu hunijia kwa maswali ya namna mbili. Wapo wazazi, wengi wao familia za Kongo, Tanzania na Kenya, ambao vijana wao wamekulia Ohio, Texas au Iowa na sasa makocha wanapiga hodi nyumbani. Wapo pia waliosoma hapa, wakafanikiwa, na leo wamo kwenye kamati za kuchangia timu za vyuo vyao, nao wanataka kujua mchango wao uende wapi. Wote nawajibu jambo lile lile: tazameni watu wa nyuma na utaratibu wao.

Nianze na tiba, maana hapo ndipo uhai ulipo.

Tarehe 29 Mei 2018, Jordan McNair, kijana wa miaka 19 aliyecheza safu ya mbele ya Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto kwenye mazoezi ya mbio. Alifariki Juni 13. Uchunguzi wa mtaalamu kutoka nje ulionyesha kwamba hakutumbukizwa kwenye maji ya barafu, na kwamba zaidi ya saa moja ilipita tangu dalili zilipoanza hadi alipoondolewa kwa gari la wagonjwa. Rais wa chuo wakati huo, Wallace Loh, alisema hadharani kwamba chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili. Maryland haikuwa timu masikini. Ilikuwa kwenye Big Ten, moja ya ligi tajiri kabisa. Kilichokosekana siku ile hakikuwa kitu cha mamilioni.

Kifaa chenyewe cha kumwokoa mtu aliyepatwa na kiharusi cha joto, yaani joto la mwili kupanda kupita kiasi, nawaeleza kila mwaka watu ambao hawaamini bei yake. Ni birika la plastiki la kunyweshea ng'ombe, la lita mia nne hivi, linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya wakulima kwa dola mia kadhaa. Unalijaza maji kabla mazoezi hayajaanza, unaweka makasha ya barafu kando yake kivulini, na unakuwa na shuka ya kumpitishia mgonjwa kwapani ili kichwa chake kisizame. Unakuwa na kipimajoto cha njia ya haja kubwa, kwa sababu cha mdomoni, cha kwapani na cha kwenye paji la uso vyote vinadanganya mtu akishatoka jasho namna ile. Wataalamu wa taasisi ya Korey Stringer iliyoko Chuo Kikuu cha Connecticut, iliyopewa jina la mchezaji wa Minnesota Vikings aliyefariki kwa joto mwaka 2001, wanafundisha kanuni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Ukimpoza ndani ya nusu saa ya mwanzo, uwezekano wa kupona ni mkubwa mno.

Birika ni rahisi. Ghali ni watu wanaojua la kufanya bila kuulizana. Agosti moja, wakati wa kambi ya kujiandaa na msimu, kijana mmoja wa safu ya mbele, mtoto wa familia ya Kikongo, alianza kuyumba baada ya duru ya mwisho ya mazoezi. Nilimshika mkono nikamuuliza kwa Kiswahili, "Leo siku gani?" Akaniambia mama yake ameshamfungulia mlango. Sikuhitaji kusikia zaidi. Mwenzangu mmoja akatoa kipimajoto, joto likasoma nyuzi 41 na kitu. Watu wanne wakamwinua, kijana wa zaidi ya kilo 130, akaingia kwenye maji akiwa na kaptura na soksi. Mwanafunzi mmoja akayakoroga maji mfululizo, kwa sababu maji yakitulia, tabaka la uvuguvugu hujitengeneza kuizunguka ngozi. Mwingine alikuwa ameshapiga 911, na mwingine amekimbia kufungua geti la upande wa maegesho. Gari la wagonjwa lilipofika alikuwa ameshashuka chini ya nyuzi 39 na ananiuliza kwa nini amelowa. Alirudi kucheza msimu ule ule.

Kila mmoja pale alijua nafasi yake kwa sababu tulikuwa tumeyafanyia mazoezi mambo hayo kabla wachezaji hawajaripoti, na mmoja wetu akiigiza mgonjwa. Tuliweza kwa sababu tulikuwa wa kutosha. Chuo chenye mtaalamu mmoja wa tiba anayehudumia futiboli, kuogelea na riadha kwa wakati mmoja hakiwezi, hata kama mtu huyo ni hodari namna gani.

Halafu kuna suala la nani anamwajiri huyo mtaalamu, na hapa naomba wenye kamati mnisikilize sana. Tangu 2016 ligi kubwa za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zina kanuni inayompa daktari na mtaalamu wa tiba kauli ya mwisho kuhusu mchezaji kurudi uwanjani. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini mtu ambaye mshahara wake na tathmini yake ya mwaka viko mikononi mwa kocha mkuu anahitaji moyo wa chuma kumwambia kocha huyo, Jumamosi asubuhi, kwamba kwotabeki wake, mchezaji anayeongoza mashambulizi, hachezi. Wekeni watu wa tiba chini ya kituo cha afya cha chuo au hospitali inayoshirikiana nacho. Kocha akiondoka, nao wasiondoke naye, na faili za wachezaji zibaki na watu wanaowafahamu.

Kwa familia zetu lipo jambo jingine, la selimundu, ile kasoro ya kurithi ya seli nyekundu za damu. Wengi wetu asili yetu ni Kanda ya Ziwa, Pwani, magharibi ya Kenya, mashariki ya Kongo, maeneo ambayo malaria imekaa vizazi na vizazi, na ndiko waliko wengi wenye kurithi kinasaba kimoja cha selimundu. Mtu huyo si mgonjwa. Anaishi maisha yake yote bila kujua. Ila akikimbizwa mbio kali mfululizo bila kupumzika, mwili unaweza kugoma ghafla. Septemba 2006 Dale Lloyd II wa Chuo Kikuu cha Rice, mwenye umri wa miaka 19, alianguka baada ya kukimbia mbio 16 za yadi 100, akafariki kesho yake. Kutokana na kifo chake, mwaka 2010 NCAA ilianza kuagiza wachezaji wa daraja la kwanza wapimwe. Kupima peke yake hakutoshi. Matokeo lazima yamfikie kocha wa viungo, mpango wa mazoezi wa kijana huyo ubadilishwe, apewe muda wa kupumzika kati ya mbio na mbio, na aruhusiwe kusimama akisikia misuli inabana bila kuitwa mvivu. Huo ndio ninaouita mfumo: taarifa kutoka maabara inafika uwanjani, kwa mtu anayeshika filimbi.

Chakula nitakipitia haraka. Hadi 2014 NCAA ilibana sana chakula ambacho chuo kingeweza kumpa mchezaji. Mwaka huo, muda mfupi baada ya Shabazz Napier wa timu ya kikapu ya Connecticut kusema kuna usiku analala na njaa, milo ikaachwa huru. Sasa tofauti kati ya chuo na chuo ni kama kuna mtaalamu wa lishe anayekaa na kijana na kumpangia, au kuna meza ya vitafunwa tu. Kijana wa Kiislamu anayefunga Ramadhani wakati wa mazoezi ya majira ya kuchipua anamhitaji mtu huyo kuliko anavyohitaji kabati jipya la nguo.

Upande wa uwanjani, hakuna aliyeonyesha thamani ya watu wa nyuma kama Nick Saban pale Alabama, aliyebeba mataji sita kati ya 2007 na 2023. Aliwaajiri wachambuzi wengi, baadhi yao makocha wakuu waliopoteza kazi kwingine. Steve Sarkisian aliingia hivyo mwaka 2016, leo anaongoza Texas. Mike Locksley naye aliingia mwaka huo huo kama mchambuzi, na ndiye aliyepewa Maryland baada ya msiba wa McNair. Wachambuzi hawa huishi mechi moja mbele ya wenzao: timu ikicheza Jumamosi, wao wameshaikata video ya mpinzani wa wiki ijayo, kila shambulio limewekewa alama ya jaribio la ngapi la kusogeza mpira, yadi ngapi zimebaki, na wapinzani wamejipanga vipi. Hadi 2024 hawakuruhusiwa kumfundisha mchezaji uwanjani. Juni mwaka huo kanuni ikafunguliwa. Mwaka huo huo zikaja redio za helmeti na vishikwambi vya kutazamia video kando ya uwanja. Chuo kikinunua vifaa hivyo bila kuajiri wa kuvishughulikia, ni pesa iliyokaa kwenye kabati.

Na vyote viandikwe. Mtunza vifaa mzuri anajua kichwa cha kila kijana kinavaa helmeti ya saizi gani, ipi ilipelekwa kukaguliwa, lori linapakiwa kwa mpangilio gani kabla ya safari ya ugenini ili kitu kinachohitajika kwanza kitoke kwanza. Akihama na maarifa hayo yako kichwani mwake tu, anayemrithi anaanza upya katikati ya msimu. Mpeni muda wa kuyaandika, mkamlipe kwa muda huo kama mnavyomlipa kwa siku ya mechi.

Ndiyo, nasema malipo waziwazi. Wengi wa watu hawa hufika kabla ya alfajiri na kuondoka baada ya taa za uwanja kuzimwa, kwa mshahara ambao mtu anashindwa kupangia nyumba karibu na chuo. Wanaondoka, na kila anayeondoka anaacha wachezaji mikononi mwa mgeni. Hali inazidi kubana. Tangu Juni 2025 mahakama ilipoidhinisha makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo dhidi ya NCAA, vyuo vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Nimefurahi kwa vijana, walistahili muda mrefu. Ila pesa hizo zinatafutwa mahali, na nafasi ya pili ya mtaalamu wa lishe au mshauri wa masomo ni rahisi kuifuta kuliko mkataba wa kocha.

Wazazi, mkialikwa kutembelea chuo mtaonyeshwa jezi, taa na muziki. Tazameni, mfurahi na mtoto. Kisha ombeni kukutana na mtaalamu wa tiba bila kocha kuwepo. Mwulizeni amekaa hapo misimu mingapi, wako wangapi, na anaripoti kwa nani. Mwombeni awaonyeshe birika la maji liko wapi siku ya mazoezi na geti gani hufunguliwa kwa gari la wagonjwa. Mwulizeni majibu ya selimundu yanamfikia nani. Mshauri wa masomo naye mwulizeni anasimamia vijana wangapi, na kijana akiumia msimu mzima nani anamfuatilia darasani. Mwenye kazi yake atawajibu papo hapo, na mara nyingi atafurahi kwamba kuna mzazi aliyeuliza.

Nanyi mlio kwenye kamati, msitoe mchango wa jumla. Chuo kinaweza kupokea fedha zilizotengwa kwa ajili ya nafasi moja ya kazi, kama zinavyotengwa kwa kiti cha profesa, na mkataba ukaandikwa kwamba haziwezi kuhamishiwa kwingine. Vyuo vingi hufungua mwaka wa fedha Julai mosi, na bajeti hujadiliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo barua iende mapema. Iombeni nafasi ya pili ya tiba kwanza. Ikiwa ipo tayari, iombeni ya lishe, kisha ongezeni mshahara wa mtunza vifaa.