Yai halina kosa: maswali yenu kuhusu mayai na maziwa

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: anayetaka kupunguza mwili aache mayai na maziwa, au aendelee navyo? Nimechagua nane.

Swali: Dada, shoga yangu aliniambia mayai yananenepesha, nikayaacha kabisa. Sasa ni wiki ya tatu. Asubuhi nakula mkate na chai, lakini saa nne haijafika njaa imeshanishika na naishia kwenye biskuti. Nimekosea wapi?

Jibu: Mdogo wangu, yarudishe mayai mezani. Yai moja kubwa la kuchemsha lina kalori 75 hivi na protini gramu 6. Kwa chakula kinachoshibisha namna ile, hizo ni kalori chache. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120, kwa hiyo anayekaanga mayai mawili kwa vijiko viwili vya mafuta amepata kalori nyingi kutoka kwenye mafuta kuliko kwenye mayai, kisha lawama yote anayabebesha mayai.

Njaa yako inatokana na protini uliyoiondoa. Protini hukufanya ushibe kwa muda mrefu, na mwili hutumia nguvu nyingi kuishughulikia: katika kila kalori 100 za protini, 20 hadi 30 huishia kwenye kazi ya kuimeng'enya, kwa wanga ni 5 hadi 10 tu. Na wakati unapungua, protini ndiyo inayosaidia misuli isiyeyuke pamoja na mafuta.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wiki nane kwa watu wenye uzito uliozidi. Asubuhi wengine walikula mayai mawili, wengine mkate wenye kalori zilezile. Miongoni mwa waliopunguza chakula cha siku nzima, wala mayai walipungua uzito kwa asilimia 65 zaidi ya wenzao wa mkate. Lakini lilikuwepo pia kundi lililokula mayai hayohayo bila kupunguza kitu kingine chochote, na hao mayai hayakuwasaidia kupungua. Ufadhili ulitoka kwenye sekta ya mayai, nalo ni vizuri ulijue. Nakuomba uzishike nusu zote mbili za habari hii, maana watu hupenda kusimulia ile ya kwanza tu.

Swali: Mimi nakula mayai manne kila siku lakini viini vyote natupa, nabaki na ule ute mweupe. Mwalimu wetu wa mazoezi anasema kiini ni lehemu tupu. Ni kweli?

Jibu: Swali hili limenigusa, kwa sababu mama yangu mzazi alitupa viini kwa miaka mingi na kila mara aliona anajitendea wema. Lehemu, au kolesteroli, kweli imo kwenye kiini: miligramu 186 hivi kwa yai kubwa. Hofu yake ina historia ndefu. Mwaka 1913 Nikolai Anichkov wa Urusi aliwalisha sungura kolesteroli na mishipa yao ya damu ikaharibika. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, ila sungura ni mla majani. Mwili wake haukuumbwa kupokea kolesteroli kutoka kwenye chakula. Mwaka 1968 chama cha moyo cha Marekani kikawashauri watu wasizidishe viini vitatu kwa wiki, na ushauri huo ukasambaa duniani kote.

Kilichobainika baadaye ni kwamba kolesteroli nyingi iliyomo kwenye damu hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Ukila zaidi, kwa watu wengi ini hupunguza utengenezaji wake. Kinachoipandisha zaidi ile kolesteroli mbaya ni mafuta yanayoganda, kama yale ya nyama nono, siagi na krimu. Ndiyo maana mwongozo wa lishe wa Marekani wa mwaka 2015 uliondoa kikomo cha zamani cha miligramu 300 za kolesteroli kwa siku, ingawa haukuwaambia watu wale kolesteroli bila kujali.

Sasa tazama unachotupa. Vitamini A, vitamini D, kolini ambayo ubongo unaihitaji, luteini inayosaidia macho, na sehemu kubwa ya vitamini B12 vimo kwenye kiini. Protini nayo imo, karibu gramu 3. Ute una kalori 17 tu na kiini 55, kwa hiyo hesabu ya kalori iko upande wa mwalimu wako. Ila dunia haiishii kwenye kalori. Pendekezo langu: yai moja zima, ongeza ute wa mawili. Sahani inajaa, unashiba, na kalori hazifiki 120.

Swali: Mwanangu, nina miaka 63, nina kisukari na natumia dawa ya kushusha lehemu. Nimeambiwa nipunguze kilo nane. Je, nami naruhusiwa mayai?

Jibu: Shikamoo, mzazi wangu. Niliyoyasema hapo juu yanamhusu mtu mwenye afya nzuri, ambaye yai moja kwa siku kwa kawaida halina tatizo. Kwako nakwenda taratibu. Katika tafiti zilizowafuatilia wenye kisukari kwa miaka mingi, baadhi zimeonyesha kuwa wanaokula mayai mengi hupata zaidi maradhi ya moyo, na nyingine hazikuonyesha hivyo. Daktari wako anayo majibu ya vipimo vya damu yako, mimi sina. Muulize yeye idadi. Mpaka utakapoonana naye, ningekuwa mahali pako ningeridhika na mayai matatu au manne kwa wiki, ya kuchemsha, yakisindikizwa na mboga badala ya soseji au siagi. Jambo moja zuri: yai halina wanga wa kutajika, kwa hiyo halikupandishii sukari kama kipande cha mkate mweupe. Na dawa tafadhali usiiache hata kama mizani inashuka.

Swali: Ninywe maziwa yenye mafuta yake yote au yaliyotolewa mafuta?

Jibu: Tupige hesabu ya glasi ya mililita 250. Yenye mafuta yote yana kalori 150, yaliyotolewa mafuta 85 hivi. Protini ni gramu 8 kwa yote mawili, na kalsiamu karibu miligramu 300, ambayo ni kama theluthi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Kwa hiyo anayekunywa glasi mbili kila siku akihamia yaliyotolewa mafuta anaokoa kalori 130 bila kupoteza protini wala kalsiamu. Si haba. Ila kama yale mepesi yanakuacha na njaa ukaenda kutafuta kitafunwa, hujaokoa kitu, na glasi moja ya maziwa yenye mafuta itakufaa zaidi.

Wengi mliouliza hivi hata hivyo hamnywi maziwa kwa glasi, mnayatia kwenye chai. Basi adui yenu ni kijiko cha sukari. Vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vidogo vitatu, ni vijiko 12, na hivyo ni kalori 190 hivi. Zimepita glasi nzima ya maziwa yenye mafuta yote, wala hazina protini. Punguza kijiko kimoja kila wiki; ulimi huzoea upesi kuliko unavyodhani.

Angalizo kwa wazazi: maziwa yaliyotolewa mafuta si ya mtoto aliye chini ya miaka miwili. Yeye anayahitaji mafuta hayo.

Swali: Nimebadilisha chakula cha jioni kuwa mtindi wa matunda usio na mafuta. Mwezi umepita, uzito uko palepale. Kwa nini?

Jibu: Geuza kikopo usome nyuma. Mtindi mtupu una sukari yake ya asili, gramu 5 hivi kwa kila gramu 100. Kikopo cha gramu 150 kingepaswa kuwa na gramu 7 au 8. Ukikuta 20, basi gramu 12 zimetiwa kiwandani. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu za siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25. Vikopo viwili vya namna hiyo vinaimaliza. Maneno "bila mafuta" mbele ya kikopo ni ya kweli, lakini hayasemi lolote kuhusu sukari, na mafuta yanapotolewa ladha hupungua, ndipo sukari inapoingizwa.

Nunua mtindi mtupu, ukatie matunda mwenyewe. Mtindi wenyewe naupenda. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2011, uliofuatilia watu zaidi ya 120,000, mtindi ulikuwa miongoni mwa vyakula ambavyo waliovila zaidi waliongezeka uzito kidogo kuliko wengine. Hilo halithibitishi kwamba mtindi ndio uliowasaidia. Huenda walao mtindi wana desturi nyingine njema. Lakini haliupi mtindi sababu ya kuogopwa.

Swali: Maziwa hunijaza gesi na kunikimbiza chooni. Nitapata wapi kalsiamu?

Jibu: Ndugu yangu, uko na wengi: karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani hawaimeng'enyi vizuri laktosi, sukari ya maziwa, kwa kuwa kimeng'enya chake hupungua baada ya utotoni. Jaribu mtindi, maana bakteria wake huisaga sehemu ya laktosi kwa niaba yako, au jibini gumu ambalo limebaki na laktosi kidogo sana. Wengine huvumilia nusu glasi wakiinywa pamoja na chakula. Maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu yana protini inayokaribia ya ng'ombe. Ya lozi yana gramu 1 hivi kwa kikombe, usiyahesabu kuwa chakula cha protini. Lakini ukivimba midomo, kutoka vipele au kubanwa kifua baada ya maziwa, huo ni mzio. Usijaribu tena, nenda hospitali.

Swali: Na jibini? Na siagi?

Jibu: Jibini gumu ndiyo, kwa kipimo: gramu 30, kipande kama kiberiti, kina kalori 120. Likunwe juu ya mboga badala ya kukatwa mapande. Siagi ihesabu kama mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa ni kalori 100 na protini hakuna.

Swali: Nimeanza mpango wa mayai matupu asubuhi, mchana na jioni kwa siku 14. Wiki ya kwanza nimepoteza kilo nne! Niendelee?

Jibu: Naelewa furaha yako, na sitaki kuizima. Lakini kilo nne kwa siku saba si mafuta zote. Ukiacha wanga ghafla, mwili unachoma akiba yake ya glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa mwilini, na kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na maji gramu 3 hivi. Akiba ikiisha, maji yanatoka. Kupungua kwa mafuta kwa kasi ya kawaida ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.

Tena mayai hayana nyuzinyuzi hata chembe, wala vitamini C. Bila shaka choo kimeshaanza kuwa kigumu. Sitisha. Bakiza mayai mawili asubuhi, mchana na jioni nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharage, samaki au kuku, robo iliyobaki wanga usiokobolewa, na tunda moja au mawili kwa siku. Usile mayai mabichi kama wanavyofanya baadhi ya wafuasi wa mpango huo: katika jaribio moja mwili ulifyonza asilimia 91 ya protini ya yai lililopikwa na 51 tu ya yai bichi, mbali na hatari ya bakteria wa salmonela. Mizani itapanda kilo moja au mbili siku chache baada ya kurudi kwenye chakula kamili. Ni yale maji yanayorudi mahali pake. Subiri wiki mbili ndipo upime tena.