Dhahabu nyekundu iliyopo zahanati kwenu (jibu kwa aliyeuliza kuhusu nano)

Mkuu, umeuliza kama nanoteknolojia ipo kweli au ni maneno ya watu wa semina. Umeletewa chupa ya "maji ya nano" inayotibu kisukari, presha na mgongo kwa mpigo, na hapohapo mdogo wako aliyemaliza Form Six anataka kuisomea fani hiyo. Nitaanzia mbali kidogo, nivumilie.

Mimi ni mtu wa maabara, zahanati moja huku Ilemela, Mwanza. Msimu wa mvua napima malaria kutwa nzima: nachoma kidole, nadondosha tone la damu, naweka bafa (kimiminika cha kuisukuma damu kwenye kipimo), tunasubiri. Ikitokea mistari miwili myekundu, una malaria. Miaka mingi nilidhani ule wekundu ni wino tu. Siku moja kwenye mafunzo, mkufunzi akatuambia ni dhahabu.

Jioni nikampelekea habari mjomba wangu, ambaye ananunua na kuuza dhahabu ya Geita tangu sijaanza shule. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjomba, dhahabu nyekundu ni ile iliyotiwa shaba. Wamekupiga."

Kwa dhahabu ya kupima kwenye mizani yuko sahihi. Lakini ikiwa punje za nanomita 20 au 40, mambo yanageuka. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000. Kwa udogo huo, mwanga ukizigonga punje, elektroni zake hutikisika kwa pamoja na kuumeza mwanga wa kijani, na kinachobaki machoni mwako ni wekundu. Punje zikishikana, rangi inahamia zambarau au bluu. Michael Faraday aliuona wekundu huo London mwaka 1857. Hakuna shaba hata chembe, ni udogo tu, na hapo ndipo ilipo nano yote: kitu kilekile, tabia nyingine.

Ndani ya kipimo, kila punje imebebeshwa kingamwili inayonasa protini ya kimelea. Damu ikipita inazikokota hadi kwenye mstari, zinarundikana, jicho linaona. (Mjomba aliuliza kama vipimo vilivyotumika vinaweza kuyeyushwa. Hata elfu kumi havikupi gramu moja.)

Kuna mama alinijia juu kwa sababu mwanawe alimaliza dawa mseto, na wiki mbili baadaye mstari bado upo. Akasema tunauza dawa feki. Dhahabu ilikuwa inasema kweli: ile protini hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Ilibidi niweke slaidi ya damu ya mtoto kwenye darubini, tukaona vimelea hakuna, ndipo akatulia. Kwa hiyo nano nayo ina mipaka yake, na ya kwanza ni kwamba inajibu swali ililoulizwa tu.

Mapya ni mengi. Chanjo ya Korona ya Pfizer ilibeba ujumbe wake (mRNA, maelekezo kwa seli za mwili) ndani ya vitone vya mafuta vya nanomita kama 100, na udhaifu wa mzigo huo ndio uliofanya ihitaji majokofu ya baridi kali vile. Nobeli ya kemia ya 2023 ilikwenda kwa Bawendi, Brus na Ekimov, kwa nukta za kwanta, yaani punje za nano ambazo ukizipunguza ukubwa zinabadili rangi. Zimo kwenye baadhi ya televisheni madukani. Ya 2025 wakaipata Kitagawa, Robson na Yaghi, kwa vitu vyenye vitundu vidogo kiasi cha kunasa maji kutoka hewa ya jangwani.

Lakini kinachonigusa zaidi ni cha hapa nyumbani. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, alishinda mwaka 2015 tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Chujio lake linaunganisha mchanga na vitu vya nano, na linapangwa kulingana na uchafu wa mahali. Akili ipo hapo. Arusha wanahangaika na floraidi. Sisi wa ziwani tuna vijidudu vya maji ya mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga, na ukielekea machimboni kuna zebaki. Chujio la kule ukilileta hivihivi kwetu Kirumba, utakuwa umebeba dawa ya ugonjwa wa jirani.

Sasa chupa yako. Muulize muuzaji: ndani kuna punje ya nini, ya ukubwa gani, nani alipima? Mimi nikiulizwa kuhusu kipimo changu nina majibu yote matatu, na kwenye boksi kuna tarehe ya kuisha na kiwango cha joto cha kuhifadhia. Kama yeye ana ushuhuda wa shangazi yake tu, mrudishie. Na vidonge vya presha usiviache hata siku moja.

Mdogo wako asome kwanza shahada ya kemia, fizikia au uhandisi, popote atakapopata nafasi. Nelson Mandela wanapokea wa uzamili na uzamivu, akitoka Form Six hawamchukui. Na kemia asiibeze, mimi niliibeza.