Chumba cha bei nafuu Bwaise: angalia haya kabla ya kulipa

Dada, umeuliza kama uhamie muzigo (chumba kimoja cha kupanga) wa shilingi 120,000 kwa mwezi kule bondeni Bwaise, Kampala, uache wa 200,000, ilhali mtoto anakohoa. Hiyo 80,000 usiihesabu bado kuwa faida. Toa kwanza nauli ya boda, maji ya kununua kwa jerikeni na dawa.

Nenda ukakague siku moja baada ya mvua kubwa. Tazama ukuta kwa ndani: mstari wa tope unaonyesha maji hufika wapi, na rangi mpya chini tu mara nyingi imefunika ukungu. Ukungu huo ndio unaochokoza kifua. Dirisha moja lisilo na tundu la hewa upande wa pili halitoshi watu watano. Sigiri usiiwashe ndani hata mlango ukiwa wazi; gesi ya makaa haina harufu, na inaua. Hesabu pia kaya zinazotumia choo kimoja.

Mwenye nyumba wa sasa akipandisha kodi, mkumbushe sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022: mwisho asilimia 10 kwa mwaka.

Kikohozi kikipita wiki mbili, mpeleke mtoto apimwe kifua kikuu. Vituo vya serikali hawatozi.