Namna nyuki wanavyojifunza na kukumbuka harufu: jibu kwa mfugaji mwenye alizeti

Mfugaji mwenzetu wa Singida ameuliza kwa nini nyuki wake hulipita shamba la alizeti lililo jirani na mizinga na kwenda kutafuta chakula msituni, na kama ni kweli kwamba nyuki wanaweza kufundishwa harufu ya zao fulani. Ndugu yangu, ni kweli, nami nimelitumia jambo hilo kwa misimu kadhaa katika mizinga yangu iliyo pembeni mwa mashamba ya alizeti. Nitaeleza kwanza kinachotokea kwa nyuki mwenyewe, kwa sababu anayefuata utaratibu bila kujua msingi wake huwalisha nyuki sukari bure.

Kuna mambo mawili ambayo wafugaji wengi huyachanganya. Zipo harufu ambazo nyuki huzitambua bila kufundishwa. Mchaichai tunaousugua kwenye mzinga mpya huvuta kundi linalotafuta makazi kwa kuwa mafuta yake yana sitrali, ambayo ni miongoni mwa kemikali ambazo nyuki wenyewe huzitoa wanapoitana. Na ile harufu ya ndizi mbivu inayotoka nyuki anapouma huwaamsha wenzake papo hapo. Harufu ya ua haiko hivyo. Nyuki haanzi maisha akijua kwamba alizeti ina mbochi, yaani maji matamu ya ua. Hulijua hilo pale harufu ya alizeti inapomfikia pamoja na utamu.

Karl von Frisch, mtafiti wa Austria aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, ndiye aliyeonyesha kwamba nyuki waliozoea kupata maji ya sukari ndani ya kisanduku chenye harufu fulani huitafuta harufu hiyohiyo miongoni mwa visanduku vingine. Mwaka 1961 Mjapani Takeda alionyesha njia ya kulichunguza jambo hilo kwa nyuki mmojammoja, ambayo baadaye Randolf Menzel na wenzake wa Berlin waliitumia kwa miaka mingi. Nyuki hupozwa kwa barafu mpaka atulie, kisha hufungwa ndani ya kijibomba kidogo akiachiwa kichwa nje. Ukigusa vipapasio vyake kwa tone la maji ya sukari, hutoa ulimi bila hiari. Ukimpulizia harufu, na sekunde chache baadaye, harufu ikiwa bado ipo, ukamgusa kwa sukari na kumwacha alambe, huanza kutoa ulimi kwa harufu peke yake.

Nimelifanya jaribio hilo nyumbani kwa vipande vya mrija wa soda na harufu ya karafuu, na ninamshauri kila mfugaji aliangalie kwa macho yake walau mara moja. Nyuki mwenye njaa hujifunza haraka mno. Wapo wanaotoa ulimi baada ya kufundishwa mara moja tu. Lakini utaratibu una masharti. Harufu lazima itangulie sukari, kwani ukigeuza mpangilio, sukari kwanza na harufu baadaye, nyuki haichukulii harufu hiyo kuwa dalili ya chakula. Mafunzo yaliyopishana kwa dakika kadhaa hukaa zaidi kuliko yaliyofululizwa. Kumbukumbu ya somo moja hufifia baada ya siku chache, ilhali masomo matatu yaliyopishana vizuri huacha kumbukumbu ambayo kwa nyuki mkusanyaji, anayeishi wiki chache tu, ni karibu sawa na ya maisha yake yote.

Ubongo unaofanya kazi hiyo una ujazo wa takriban milimita moja ya ujazo na seli za neva zisizofika milioni moja. Harufu huingia kupitia vipapasio, hupangwa katika vinundu vipatavyo 160, kisha hupelekwa kwenye sehemu mbili zenye umbo la uyoga ambako kumbukumbu ya kudumu hujengwa. Mwaka 1993 Martin Hammer alionyesha kwamba kuisisimua seli moja tu ya neva inayobeba taarifa za utamu kunatosha kushika nafasi ya sukari katika somo: nyuki alijifunza harufu bila kuonja chochote. Matokeo hayo hunistaajabisha hadi leo.

Sasa tuje mzingani, kwa sababu hapo ndipo swali lako linapojibiwa. Mkusanyaji anaporudi huwagawia wenzake mbochi mdomo kwa mdomo, na mbochi huo umebeba harufu ya ua. Kwa hiyo nyuki ambaye hajawahi kutoka nje hujifunza harufu akiwa gizani, na siku yake ya kutoka huitafuta. Kama mizinga yako ilikuwa mahali hapo kabla alizeti haijachanua, kundi zima limekwisha kufunzwa harufu ya miti ya msituni, na nyuki ni waaminifu sana kwa ua walilolizoea. Ndiyo sababu mimi husogeza mizinga baada ya alizeti kuanza kuchanua, si kabla.

Kama kuhamisha haiwezekani, wafundishe. Von Frisch mwenyewe alifanya hivyo kwa maji ya sukari yaliyolowekwa maua. Mwaka 2020 Walter Farina na wenzake wa Argentina walitangaza matokeo ya kuwalisha nyuki, ndani ya mizinga, maji ya sukari yenye harufu iliyotengenezwa kuiga ya alizeti: nyuki walilitembelea zao hilo zaidi na mavuno ya mbegu yakaongezeka kwa asilimia 29 hadi 57. Mimi sina harufu ya maabara, kwa hiyo huloweka maua mabichi ya alizeti kwa saa kadhaa ndani ya maji ya sukari yaliyokwisha kupoa, huchuja, na kuweka kiasi kidogo ndani ya mzinga jioni, kwa siku chache mfululizo, maua yanapoanza kufunguka. Usiweke nje, kwani utaleta wizi na mapigano baina ya makundi. Usizidishe pia, na uache kabla hujaongeza masega ya kuhifadhi asali, la sivyo sukari itaingia katika asali utakayorina. Moshi nao hupunguza kwa muda uwezo wa vipapasio kunusa, hivyo tumia kidogo iwezekanavyo.

Jambo moja linalonihuzunisha ni viuatilifu. Dawa za jamii ya neonikotinoidi, hata kwa kipimo kisichoua, hudhoofisha uwezo wa nyuki kujifunza na kukumbuka harufu, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tatu kati yake mashambani mwaka 2018. Waulize majirani zako mbegu zao zimepakwa nini.

Baada ya siku chache angalia mlangoni mwa mzinga asubuhi: chavua ya alizeti ni ya njano iliyokolea kuelekea rangi ya chungwa. Ikionekana siku mbili kisha ikapotea, kagua unyevu wa udongo na aina ya mbegu iliyopandwa, kwa sababu nyuki anayefika kwenye harufu mara kwa mara bila kupata mbochi huacha kuifuata.